Kuomba kwa Uso Mkavu

Nikiwa mwaka wa pili katika chuo cha theolojia, wenzangu walinichagua nisome neno la shukrani mbele ya wageni. Walikuwa wametoka sharika rafiki za Ujerumani na Marekani, na walituletea maboksi ya vitabu vya maktaba. Masomo yetu yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa kile cha sekondari, cha kukariri kanuni za sarufi na kuogopa kusimama mbele za watu. Nilikesha na karatasi yangu. Nilitaka wageni waone kwamba na sisi tumesoma.

Sehemu iliyonisumbua ilikuwa ile ya kuwashukuru kwa nafasi waliyotupa. Neno opportunity nililijua, lakini lilikuwa neno la kila mtu. Hata matangazo ya kazi magazetini yalikuwa nalo. Siku hizo nilikuwa nasoma Biblia ya Kiingereza cha zamani, ile ya King James ya mwaka 1611, niliyopewa na mchungaji mmoja mstaafu. Katika Luka sura ya 11, kwenye mfano wa rafiki aliyekwenda usiku wa manane kuomba mikate mitatu, nilikuwa nimekutana na neno importunity. Sikufungua kamusi. Nililitazama, nikaona linafanana na lile ninalolijua, nikaamua mwenyewe kwamba hii ndiyo opportunity iliyovaa suti ya Jumapili.

Basi siku ilipofika nikasimama, nikasafisha koo, nikasema kwa sauti ya mimbarani kwamba sisi wanafunzi tunawashukuru wageni wetu kwa importunity yao kubwa, na tunamwomba Mungu aizidishe. Nilidhani nimewashukuru kwa nafasi. Kumbe nilikuwa nimewashukuru kwa usumbufu wao, na nimemwomba Mungu auongeze.

Wageni walitazamana. Mama mmoja aliinamisha kichwa akajifuta macho kwa kitambaa, nami nikafurahi, nikidhani neno limemgusa. Wenzangu walipiga makofi kwa nguvu, maana hakuna hata mmoja aliyejua zaidi yangu.

Jioni mwalimu wetu wa Agano Jipya, mzee mmisionari aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kabla ya kurudi kwao, aliniita ofisini. Hakucheka. Alinipa kamusi nene, akaniambia nitafute mwenyewe. Nilisoma maelezo mara mbili, jasho likinitoka: kuomba na kuomba tena mpaka unamchosha unayemwomba, kung'ang'ania bila kujali kwamba unakera. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Usiogope," alisema. "Umekosea neno moja, lakini umelikosea mahali pazuri. Unatoka wapi?"

Nikamwambia Mwanza.

"Ziwani. Vizuri. Basi utalielewa kuliko mimi."

Akachukua chaki, akaandika ubaoni neno la Kilatini portus, yaani bandari. Akanieleza kwamba maneno yale mawili yametoka nyumba moja. Warumi wa kale walipoona upepo unasukuma chombo kuelekea bandarini, waliuita upepo huo opportunus, upepo wa wakati wake, na ndipo likatokea neno la nafasi. Lakini mahali pasipo bandari, pasipofikika, pasipokupokea, paliitwa importunus. Kutoka hapo neno likaenda kwa kila kitu kisicho na wakati wake, kinachokuja vibaya, kinachosumbua. Na mwisho likakaa juu ya mtu anayeomba bila kukoma.

Sisi watu wa ziwani hatutumii sana neno bandari kwa mambo yetu ya kila siku. Bandari ni ya meli. Mtumbwi wa mvuvi unafika mwaloni. Nilipomsikiliza mzee yule, moyoni mwangu sikuona Roma. Niliona mtumbwi wa dagaa alfajiri, upepo umegeuka, mwalo wake hauingiliki kwa mawimbi, na watu waliomo wanapiga kelele kuelekea nchi kavu yoyote iliyo karibu ili mtu awatupie kamba. Hawaulizi ufuko ule ni wa nani. Hawajali kama wenyeji wamelala. Asiye na mwalo hana nafasi ya kuona haya.

Sikumwambia mwalimu hayo. Nilisema tu, "Asante, Mwalimu," nikaondoka haraka.

*

Baadaye, tulipofika kwenye mfano huo darasani, nilijifunza mengine. Neno la Kiyunani ambalo Luka ameliandika hapo ni anaideia. Katika Agano Jipya lote linapatikana mara moja tu, mahali hapo. Limeundwa kwa kukanusha neno lenye maana ya haya, ile haya njema inayomfanya mtu ajiheshimu na awaheshimu wengine. Kwa hiyo anaideia ni kukosa haya. Martin Luther katika Biblia yake ya Kijerumani hakulipaka sukari neno hilo. Alichagua unverschämt, neno ambalo Wajerumani hadi leo humwambia mtu aliyevuka mipaka ya adabu. Biblia yetu ya Union Version ya mwaka 1952 imeweka uzito kwenye kutokuacha kuomba, na maana hiyo imo. Lakini haya haionekani tena. Tunamwona mtu mwenye bidii. Hatumwoni mtu ambaye jirani zake wangesema, "Huyu naye ana uso mkavu."

Uso mkavu. Hilo ndilo neno letu. Kila mswahili anajua maana yake. Ni mtu anayekopa dukani kabla hajalipa deni la jana, anayerudi kesho yake na kusema "shikamoo" kana kwamba hakuna kilichotokea. Hatumsifu mtu wa namna hiyo. Na Bwana Yesu, katika kufundisha maombi, alimchukua mtu huyo akamsimamisha mbele ya wanafunzi wake kuwa mfano.

Niliyaandika hayo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Kisha nikayasahau.

Ninakiri kwamba kwa miaka mingi nilihubiri mfano ule kwa methali ya bandu bandu huisha gogo. Ni methali nzuri na waumini huipenda, kwa kuwa wanaijua na wanaimalizia wenyewe. Niliwaambia: omba leo, omba kesho, mwisho gogo litaisha. Sikuona kwamba kwa kusema hivyo nilikuwa nimemfanya Mungu kuwa gogo na maombi kuwa shoka. Wala sikuona jambo jingine: kwamba mimi mwenyewe nilikuwa naomba kama mtu mwenye bandari tatu. Nilikuwa na mshahara, hata kama ni mdogo. Nilikuwa na jina, na wazee wa kanisa wa kunitetea. Nikimwomba Mungu jambo, tayari nilikuwa na mpango wa pili mfukoni.

*

Huku Butimba tunapoishi, mgeni akiuliza kuna nini, tunamwambia kuna chuo cha ualimu na kuna gereza. Siku hizi tunaongeza chanzo kipya cha maji. Mchungaji wa eneo hili anazoea kugongewa mlango na watu ambao ndugu zao wako ndani, wengine wafungwa, wengine mahabusu wanaongojea kesi. Wengi wanaomba maombi. Wachache wanaomba nauli. Mama ninayetaka kumsimulia alikuja kuomba kitu kingine, nami namsimulia kwa ruhusa yake, bila jina.

Ni mjane, anauza dagaa. Mwanawe wa pili alikuwa ameshtakiwa kwa wizi wa injini ya boti. Dhamana ilikuwa wazi. Walitakiwa wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za utambulisho kutoka serikali ya mtaa, watie sahihi bondi. Siku ile hakuna fedha inayotoka, lakini kijana akitoroka, mdhamini ndiye anayedaiwa. Mdhamini mmoja alikuwa amempata: jirani yake, kijana Mwislamu anayeendesha bodaboda. Wa pili hakumpata. Ndugu walikuwa wamezima simu. Akaja kwangu.

Ningependa kusema kwamba niliogopa ile fedha. Kweli niliogopa kidogo. Lakini sababu yenyewe ilikuwa kwamba mwenye injini ni mzee wetu wa kanisa, mtu mwadilifu, ambaye bila mchango wake paa la nyumba ya mikutano lingekuwa bado ni nguzo tu. Nilijiona nimesimama mahakamani upande wa yule anayesemekana amemwibia. Nikamwambia mama, "Tuombe kwanza, mama yangu. Tutaona." Nikamwombea. Akaondoka.

Baada ya siku mbili akarudi. Safari hii alikuja wakati nina kikao na wainjilisti. Alisimama mlangoni akasema mbele yao wote, "Baba Mchungaji, nimekuja kwa lile jambo letu." Nilitoka nje nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mambo ya mahakama yana utaratibu wake, na kwamba mchungaji ni wa pande zote mbili. Maneno hayo yalisikika vizuri masikioni mwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, Baba Mchungaji. Kwa hiyo nije lini?"

Mara ya tatu ilikuwa saa nne usiku. Watoto walikuwa wamelala na geti limefungwa kwa kufuli. Mbwa wa jirani walibweka, kisha tukasikia mkono ukigonga bati, polepole, bila kuchoka. Mke wangu alisema, "Ni yule mama." Nikasema, "Najua." Nilifungua dirisha, nikamwambia kwamba ni usiku sana, watoto wamelala, aje kesho asubuhi. Mpendwa msomaji, unaweza kuufungua mfano wa Bwana wetu ukalinganisha maneno yangu na ya mtu yule aliyekuwa kitandani. Mimi mwenyewe sikulinganisha. Nilifunga dirisha.

Mama alikaa kwenye jiwe nje ya geti karibu nusu saa. Kisha tukasikia kandambili zake zikiondoka.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Siku ya tatu nilipumua. Siku ya tano nilikuwa nimeanza kusema na mke wangu kwamba pengine Mungu amefungua mlango mwingine. Yeye hakujibu kitu. Aliendelea kuchambua mchele.

*

Jumapili iliyofuata ilikuwa Rogate, ya tano baada ya Pasaka, ambayo kwa Kilatini jina lake maana yake ni Ombeni. Jumamosi usiku nilikaa mezani kuandaa mahubiri, na nilikuwa nimechagua mfano wa rafiki wa usiku wa manane. Nilikuwa na bandu bandu yangu tayari. Nilitaka tu kuangalia mstari katika ile Biblia ya zamani ya Kiingereza, kwa mazoea. Nilipofika kwenye neno lile nilianza kucheka, nikikumbuka wageni na yule mama aliyejifuta macho. Kisha kicheko kikaniishia.

Nilikumbuka ubao, chaki, na mtumbwi usio na mwalo. Nikakumbuka pia jambo ambalo mwalimu alitusomea kutoka kwa Kenneth Bailey, mwanazuoni aliyefundisha kwa miaka mingi Mashariki ya Kati, katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mifano ya Luka. Bailey alitafakari jinsi wanakijiji wa kule wanavyousikia mfano huu. Mgeni wa mtu mmoja ni mgeni wa kijiji kizima. Kwa hiyo akasema haya inayozungumzwa yaweza kuwa ni ya yule aliyelala: anaamka kwa sababu asipoamka, asubuhi kijiji chote kitajua kwamba alimnyima jirani mkate wa mgeni, na uso wake hautatazamika. Wanazuoni wengine hawakubaliani naye, nami siwezi kuamua kati yao. Lakini usiku ule niliona kwamba kwa vyovyote vile mfano ulikuwa umenikamata. Kama haya ni ya anayegonga, mama yule aliivua mbele yangu mara tatu, kwa ajili ya mwanawe. Kama haya ni ya aliyelala, mimi sikuwa nayo.

Na kulikuwa na neno dogo nililolipita kila mwaka bila kusimama. Mtu yule wa mfano hakuomba mkate wake. Nyumbani kwake kulikuwa na mtu mwingine amekaa na njaa. Labda ndiyo maana aliweza kugonga vile. Kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe angeweza kulala njaa kwa heshima.

Nilichukua tochi. Mke wangu alikuwa ameshachukua kanga yake kabla sijamwambia tunakwenda wapi.

Nyumba ya mama iko mlimani kati ya mawe, njia ya miguu tu. Tulifika imekaribia saa tano. Ndani kulikuwa kimya na giza. Nilisimama mbele ya mlango ule wa mbao, nikainua mkono, nikaushusha. Nilijiuliza majirani watasema nini wakimwona mchungaji kwenye mlango wa mjane saa zile, hata kama mkewe yupo. Nilijiuliza kama amelala. Nilifikiri kwamba ingekuwa busara kuja asubuhi kabla ya ibada. Ndipo nikaelewa, kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya kulifundisha neno lile, uzito wa mkono unaogonga mlango wa mtu usiku. Nilikuwa nimegonga milango mingi kama mchungaji, mchana, nikiwa ninangojewa na kiti kimefutwa. Sikuwahi kugonga mlango ambao ulikuwa na haki ya kunikataa.

"Gonga," mke wangu alisema.

Nikagonga. Sauti ikatoka ndani: "Nani?"

"Ni mimi, mama. Mchungaji."

Alifungua, taa ya simu mkononi, uso wake umejaa hofu. "Baba Mchungaji, kuna nini usiku huu? Mwanangu amekufa?"

Sitasahau swali hilo. Mimi nilikuja kutengeneza dhamiri yangu, na nilichomletea kwanza ni hofu ya kifo. Nilimwambia hapana, mwanao ni mzima, nimekuja kuomba msamaha. Nilisema kwamba nilimfungia dirisha na kwamba nilikuwa na kitambulisho changu mfukoni siku zote.

Alikaa kwenye ngazi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua unaona aibu kwa ajili ya mzee. Mimi sikukasirika. Lakini, Baba Mchungaji, ningekuwa na pengine pa kwenda, nisingekuja kwako mara tatu."

Mama huyu hajasoma Kilatini. Elimu yake ni darasa la saba. Lakini alikuwa amenipa maana ya neno ambalo kamusi ilinipa nusu yake tu.

Mke wangu akamuuliza kwa nini basi aliacha kuja. Akasema, "Niliacha kwake. Kwa Mungu sijaacha. Kila usiku namwambia, na yule mchungaji wako je?" Halafu, kabla sijapata la kujibu, akanigeukia, macho makavu kabisa: "Basi Jumatatu saa mbili asubuhi uwe mahakamani. Usisahau barua ya mtaa. Na kama una gari la kutubeba sote ni vizuri, maana bodaboda ile haina mafuta."

Tulicheka wote watatu, pale kwenye mawe, usiku.

*

Jumapili ile sikuhubiri bandu bandu. Kabla ya ibada nilimwita mzee wa kanisa pembeni nikamwambia ninachokwenda kufanya kesho, ili asikisikie sokoni. Nilimwambia kwamba sisemi kijana hana hatia. Hilo ni la mahakama. Nasema tu kwamba mama yake amegonga na sina haki ya kulala. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mchungaji, umeniumiza." Hakukaa kwenye ibada. Jumapili nne kiti chake kilikuwa kitupu, na kila nilipokitazama nikiwa madhabahuni nilihisi nimepoteza kitu ambacho huenda kisirudi. Jumapili ya tano alikuja, akakaa nyuma. Hatukuzungumza siku hiyo. Tulizungumza baadaye, zaidi ya mara moja, na si kila kitu kimenyooka.

Jinsi kesi ilivyoisha sitaeleza, kwa sababu pande zote mbili ni watu wetu na wanaishi hapa. Naweza kusema kwamba kila tarehe iliyotajwa kijana alikuwepo, na kwamba yule jirani wa bodaboda na mimi, tukiwa tumekaa kwenye benchi la mahakama asubuhi nyingi, tumekuwa marafiki. Alikuwa ametia sahihi wiki mbili kabla yangu, bila kuombwa mara ya pili.

Nimelitafakari sana neno langu la aibu tangu wakati ule. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza maneno ya kwanza ya Sala ya Bwana, anasema kwamba Mungu anatuvuta tumwombe kwa ujasiri kama watoto wapendwa wanavyomwomba baba yao mpendwa. Tunawafundisha watoto wa kipaimara maelezo hayo wayakariri. Lakini mtazame mtoto mwenyewe, akiwa bado hajafundishwa adabu zetu. Anamwita baba yake saa nane za usiku kwa sababu ya kiu. Haanzi kwa kuomba radhi, wala hafikirii kama baba amechoka. Hana mwalo mwingine, na hajui kwamba inawezekana kuwa na mwingine. Na alipokufa Luther huko Eisleben mwezi Februari 1546, ilikutwa karatasi ambayo ndani yake alikuwa ameandika kwamba sisi ni ombaomba, na kwamba hiyo ni kweli. Mwalimu mkubwa wa Kanisa, mwenye vitabu visivyohesabika, alimaliza akijiona mlangoni na mikono mitupu.

Bwana mwenyewe aliomba Gethsemane mara tatu kwa maneno yaleyale. Waraka kwa Waebrania unatuambia kwamba pale msalabani aliidharau aibu. Aliyetufundisha kugonga bila haya alitangulia kuvuliwa haya yote mbele ya mji mzima kwa ajili yetu, akiwa na wageni wengi wenye njaa nyuma yake, yaani mimi na wewe. Kwa hiyo tunapomwomba Baba hatuchongi gogo. Jirani wa mfano aliamka kwa shida. Baba yetu halali. Kinachochelewa mara nyingi ni sisi tuliowekwa kuwa majibu yake, tuliofunga dirisha kwa sababu ni usiku.

Ukiona basi kwamba unaomba jambo lilelile kwa miaka, mpaka unaona haya hata kulitaja kwenye kikundi cha maombi, litaje. Kama kuna mtu anayekusumbua kwa haja yake mpaka ukiona namba yake unaiacha simu iite, jiulize kama ana mwalo mwingine. Ile siku ya wageni nilichanganya maneno mawili, nikaona aibu kwa miaka. Siku hizi nadhani usumbufu wa mama yule ulikuwa kweli nafasi niliyopewa na Mungu, na nusura nisiipokee.

Mama bado anakuja. Wiki iliyopita alikuja jioni, safari hii kwa ajili ya mjukuu wa jirani yake ambaye hana sare wala madaftari. Nilipofungua geti alikuwa ameshaanza kueleza. Nilimwambia aingie ndani kwanza, akae, atueleze akiwa amekunywa chai.